Salamu za Jumapili kwa Mwalimu wa Matsangoni

Ni mimi. Kwa miaka minne nilikana. Nilimkania dada yangu, nikamkania msusi wangu, na siku moja nikakana mbele ya padri ambaye hakuwa ameniuliza lolote. Mimi ndiye yule "msikilizaji wa Malindi" aliyekuwa akituma ujumbe redioni kila Jumapili alasiri, katika kipindi cha muziki wa kantri, akiomba wimbo uleule upigwe kwa ajili ya "mwalimu mmoja wa Matsangoni, anajijua."

Wimbo wenyewe ni wa zamani, na umerudiwa na waimbaji wengi. Mwanamume anauza gitaa lake anunue pete, anafika stesheni, mchumba kashapanda treni. Malindi hakuna treni, lakini hilo halikutuzuia kulia. Mwalimu huyo alipokuwa mchumba wangu, nami bado niko chuo kikuu, aliniimbia wimbo huo kwa gitaa lenye nyuzi nne na kuapa kwamba utapigwa siku ya harusi. Ahadi aliitimiza nusu. Ulipigwa siku ya harusi, ila bibi harusi alikuwa mwingine. Nilialikwa. Nikaenda, maana kutokwenda kungeonyesha nimeumia, nikakaa chini ya turubai nikala pilau sahani mbili huku bendi ya kukodi ikiuimba wimbo wangu.

Kuachwa ningesamehe, watu huachwa. Lakini wimbo!

Kwa hiyo kipindi kile kilipoanza, niliamua kwamba mwalimu hatakunywa tena chai ya Jumapili kwa amani. Nilifanya kazi hiyo kwa nidhamu ambayo sikuwahi kuipa tasnifu yangu. Wiki hii niliomba ule wa mwimbaji wa kwanza, mzee mwenye sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Wiki ijayo ule wa mwanamke mwenye fidla, ambaye haombolezi, anashtaki. Kulikuwa na wa rege, na wa kwaya moja iliyomwondoa mchumba na kumweka Yesu bila kuigusa treni. Nilitaka kila mlango atakaoukimbilia akute wimbo umeshafika.

"Ni wewe," dada yangu alisema Jumapili moja, akiongeza sauti ya redio.

"Mimi? Nina shahada mbili."

"Ndiyo maana. Mtu mwenye kazi ya kufanya hawezi."

Kisha, Jumatatu moja mchana, simu ikaita. Namba sikuijua.

"Shikamoo dada. Mimi ni mke wa mwalimu wa Matsangoni."

Nikaitika marahaba, nikatafuta kiti.

"Namba nimepewa na dada yako. Tafadhali usikane, nimebandika wali. Zile salamu ni zako?"

"Salamu gani?"

"Nilikuona harusini kwangu. Ulikuwa unalia na unaongezwa pilau. Nani mwingine?"

Kwa mara ya kwanza sikukana.

"Ulikuwa unataka nini hasa?" akauliza.

"Aumie."

Alicheka, na hakikuwa kicheko cha upole. "Aumie! Dada, umesoma wapi wewe? Hapa kwetu mwenye chuki hutia jina lake, ijulikane katoka wapi. Salamu isiyo na jina ni ya mapenzi, hata mtoto anajua. Kila Jumapili mume wangu anavaa shati la pasi, anatoa redio barazani, anawaita majirani. 'Msikieni, bado hajanisahau.' Miaka minne! Kinyozi anamwita Bwana Harusi. Na hilo shati napiga pasi mimi."

Miaka minne nilikuwa nikimpamba.

"Sasa sikiliza," akasema. "Jumapili hii uombe tena. Utie jina lako, na la baba yako, na mtaa. Salamu usimtumie yeye. Nitumie mimi, kwa jina langu. Unipe pole kwa yote niliyovumilia."

"Na yeye nisimtaje?"

"Hata kidogo. Atakuwa pale barazani na majirani zake, keshavaa shati."

Nilikuwa nimeshachukua kalamu. "Nikuombee upi? Wa mzee? Wa yule wa fidla?"

Alifikiri. Nilisikia kifuniko cha sufuria.

"Wa kwaya," akasema. "Ni mrefu." Akakata.