Skrini ya Kumchorea Mume Wetu

Mimi nikifurahi huwa sinyamazi, na asubuhi ile niliongea njia nzima hadi Bariadi mjini. Nilikuwa naenda kununua skrini ya kuchorea, ile unayoiunganisha na kompyuta ukachora kwa kalamu juu ya kioo chenyewe. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ametoka Nkololo makusudi aje kuichagua. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, kwa hiyo naye hakunyamaza: eti mume alikosea sana kuniongeza mimi, mvivu wa kupika.

Shida yetu ilikuwa huyo mume. Guku, yaani babu, alifariki baba angali wa kubebwa mgongoni, na hakuacha picha hata moja. Macho ya bibi yalikuwa yanazidi kuingia ukungu, na alitaka nimchore babu, yeye akinielekeza, ili amwone tena kabla hayajafunga kabisa. Kwenye karatasi nilifuta na kufuta mpaka ikatoboka. Kwa kipanya cha kompyuta nilimpa pua kama kiazi, bibi akasema yeye hakuolewa na huyo.

Dukani zilikuwepo za aina tatu. Bibi aliona raha isiyo kifani. Yeye anakumbuka foleni za duka la ushirika, ulikuwa unapewa kitambaa kilichopo na unashukuru. Tangu biashara iwe huria, kuchagua kwake ni sherehe. Alimsalimia muuzaji, "Mwangaluka," akavuta kiti, akaagiza zote ziwashwe.

Ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko zote, lakini ni ubao mtupu. Unachora mezani huku unatazama kwenye kompyuta.

"Mkono huku, macho kule," bibi alisema. "Hivyo ndivyo watu wanavyojikata vidole. Toa."

Ya pili ilikuwa kubwa, mpya, inang'aa. Niliipenda mpaka nikaona aibu, kisha nikaulizia bei na mapenzi yakaisha palepale. Ya tatu ilikuwa ndogo, imeshatumika, ina mkwaruzo pembeni, na mstari ulikuwa unatokea kando kidogo ya ncha ya kalamu. Muuzaji aliirekebisha mpaka ncha na mstari vikakutana. Bei yake niliimudu.

"Tumwone mume wetu humo," bibi akaamuru.

Muuzaji akauliza mume wa nani. "Wetu," tulijibu pamoja, naye akatutazama mmoja mmoja akaamua kufuta vumbi kwenye rafu.

Nikaanza kuchora, kompyuta niliyokuja nayo ikiwa mapajani. Bibi aliweka uso karibu na kioo. Masikio yasimame zaidi. Mwanya uwe mpana. Ndevu hizo umeazima kwa nani, toa. Kila nilipokosea nilibonyeza kitufe, kosa likapotea bila alama, na bibi alivyolijua hilo basi, alinifanyisha kazi. "Rudisha. Rudisha tena. Hapo." Nilikuza jicho moja mpaka likajaa kioo kizima ili alione vizuri, tukacheka hadi mama mmoja aliyefuata chaja akajisogeza kushika upande wa bibi kuhusu pua. Sijawahi kuwa na furaha ya kijinga kama ile.

Mwisho uso ukakamilika, mimi nikaringa. Bibi hakucheka.

"Mikunjo hiyo ya nini?" aliuliza. "Na nywele nyeupe?"

Kumbe nilikuwa nimemchora mzee. Hakuna aliyeniambia nimzeeshe. Babu, kichwani mwangu, alikuwa na mvi tu kama babu wa watu wengine.

"Futa," bibi alisema.

Nilifuta mvi. Nilifuta mikunjo ya paji la uso, ya macho, ya mdomo. Akabaki kijana wa rika langu, masikio yamesimama, mwanya nje, kama wale vijana wanaonisumbua stendi.

Bibi alimwangalia muda mrefu, kichwa kwanza upande huu, kisha upande ule, akitafuta mahali ambapo macho yake yangemruhusu. Nilingoja aseme rudisha.

"Ndiye," alisema. Akampapasa shavu kwa kidole gumba, juu ya kioo. "Mbona mtoto hivi? Huyu leo ni mjukuu wangu."

Nikamwambia muuzaji tunachukua hii.