Mashairi Chini ya Mashati

Mume wangu, Mfaume bin Mabruki, alikuwa fundi cherehani katika baraza ya duka la Nanji, Kanyenye. Alishona suruali za makarani na kanzu za Idi. Mashati yake mwenyewe aliyashona kwa namna moja tu: mikono mpaka viganjani na kola ya kufungwa mpaka juu. Aliyavaa hivyo hata Oktoba, Tabora inapowaka kama tanuri.

Alirudi kutoka vitani mwaka 1945. Miaka miwili baadaye nikaolewa naye, mimi mwalimu, nimesoma kuliko wasichana wengi wa mji huu. Siku nilipouona mgongo wake aliniambia, "Mwalimu, ni moto wa vita. Usiniulize zaidi."

Sikuuliza. Ngozi ilikuwa na mabaka meupe, mikunjo na vidonda vilivyofunga na kufumuka tena. Kifua kilikohoa masika na kiangazi. Nguo zake nilizianika chumbani. Ukoo wa Mabruki ulitoa viongozi wa misafara. Wafanyabiashara waliwakabidhi mali na roho zao kutoka pwani hadi Ujiji. Jina la namna hiyo halianikwi uani.

Baada ya Azimio la Arusha, wanaume wa mtaa wetu wa Gongoni walikwenda kulima shamba la ujamaa upande wa Kipalapala. Jua lilipopanda wote walibaki vifua wazi, isipokuwa yeye.

"Ndugu Mfaume, vua shati tujenge taifa," mmoja akamtania.

"Jembe halishikwi kwa kifua," akajibu, akaendelea kulima huku akikohoa.

Alifariki Machi 1968. Waoshaji walipokuja niliwazuia mlangoni. Sheria inamruhusu mke kumwosha mumewe, nikawaambia, na nikamwosha peke yangu. Nilidhani nimelilinda jina, kumbe nimewapa watu la kusema. Mji mzima ukanong'ona kwamba Mfaume alikuwa na ukoma.

Wakati huo binti yetu Mwanahawa alikuwa ameposwa. Shangazi wa kijana, Mwanajuma, jirani yetu muuza vitumbua, ndiye aliyeleta habari.

"Mwalimu, sikufichi. Nyumbani wamesita. Wanasema ugonjwa huo huenda na damu."

"Sheria inaruhusu mke kuosha."

"Inaruhusu. Haikuamuru ufukuze waoshaji."

"Ukoo wetu haujielezi kwa wauza vitumbua."

"Haya," akasema, akajifunga kanga vizuri. "Marehemu alivila kila asubuhi na hakuona aibu."

Eda ilipokwisha nilifungua sanduku nitoe mashati yake sadaka. Chini ya mashati palikuwa na daftari lililojaa mashairi kwa herufi za Kiarabu. Mimi niliachishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nikapelekwa skuli. Kiingereza nakisoma bila kamusi, lakini mwandiko wa mume wangu ulinishinda. Kumpelekea shehe ni kuupelekea msikiti mzima. Mtu wa karibu aliyeweza kuusoma alikuwa Mwanajuma, aliyefundishwa na baba yake.

Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya nne Mwanahawa aliniambia, "Mama, mimi nazeeka kwa kunyamaza kwako." Nikachukua ushungi, nikaenda kwake na daftari.

Mwanajuma alifuta unga mikononi, akasoma:

*Tuliingizwa chumbani, ukuta wote mabati,*
*Moshi ukaja puani, ukaingia mashati,*
*Bwana yupo dirishani, auhesabu wakati,*
*Adui sikumuona, aliyenichoma nani?*

Beti zilizofuata zilieleza yote. Askari kumi na wawili walijitolea kwa ahadi ya likizo ya mwezi mmoja. Moshi ule ulikuwa silaha, na wakubwa wao walitaka kujua unaufanyia nini mwili wa mtu. Watatu hawakutoka hai. Mwanajuma akaendelea, sauti ikipungua:

*Vita vimekwisha huko, kwangu havijamaliza,*
*Kifua changu ni jiko, makaa yaniunguza,*
*Aibu hii si yako, mke wangu nakweleza,*
*Adui sikumuona, aliyenichoma nani?*

"Hata mimi nilidhani ni ukoma," nikasema. Sikuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu.

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

"Na hukuhama kitanda?"

"Sikuhama."

Akasonya. "Na sisi tunakusema una maringo." Kisha akauliza, "Nikawasomee nyumbani?"

Aliyeunguzwa na adui ana heshima yake. Aliyeunguzwa na mabwana zake mwenyewe, kwa ahadi ya likizo, mji utamwitaje? Lakini Mwanahawa alikuwa nyumbani akisubiri.

"Kasome," nikamwambia. "Usiruke ubeti."

Alisoma Ijumaa baada ya sala, wazee wote wamekaa. Mimi sikwenda. Jioni baba wa kijana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba posa irudi palepale ilipokuwa. Mwanahawa aliolewa Mfunguo Mosi, akaenda na mumewe Nzega.

Sasa nyumba ni yangu peke yangu. Kila Jumatatu Mwanajuma huja kunifundisha mwandiko wa mume wangu, na nikikosea hucheka waziwazi. Mashairi ni thelathini na moja. Nimefika la nne. Katika mengi, Mwanajuma ananiambia, mume wangu anasema na mimi. Tulilala chumba kimoja miaka ishirini na moja, naye akiniandikia nisiyoweza kuyasoma.

Mashati sikuyatoa sadaka. Huyafua mara mojamoja yasishike vumbi, nikayaanika uani.