Upinde Si Mchezo

Baba yangu alipoanza kuwaokotea wenzake mishale, nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe alijifanya hajali.

Kijijini kwetu, ndani kidogo ya Tinde, wanaume wakishamaliza mavuno hukutana Jumapili mchana nyuma ya ghala la pamba na kulenga tita la nyasi. Wote ni sungusungu, walinzi wa kijiji, na kila mmoja ana upinde wake ambao hauazimishwi hata kwa ndugu. Baba alikuwa mlengaji wa kuogopwa. Halafu dume la ng'ombe likambana kwenye nguzo ya zizi, bega likapona vibaya, na upinde wake wa mti mgumu ukawa hauvutiki tena. Wenzake, kwa heshima zote, wakampa kazi ya kuokota mishale. Kwetu kazi hiyo ni ya watoto. Siku niliyokwenda kuwasalimia nilimkuta ameinama kwenye majani, mkono mmoja mgongoni, na wazee wenzake wamesimama wanamsubiri amalize.

Nilirudi Runzewe nikiwa nimevimba kwa hasira.

Runzewe ndiko ninakouza vipuri: mikanda, beringi na puli za karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Vitu vyangu vingi naagiza nje, kwa hiyo mambo ya forodha nayajua, au nilidhani nayajua, na wachimbaji wakija dukani kulalamika kwamba mzigo wao umekwama huwa nawashauri kwa sauti ya mtu aliyesomea. Basi siku moja, nikitafuta puli kwenye simu, ikaniletea upinde. Niliucheka kwanza. Ulikuwa na puli ndogo mbili, vigurudumu vya kupitishia kamba, moja juu na moja chini, na kamba zinazopishana katikati. Nikasoma maelezo, nikaacha kucheka. Unapouvuta, mwanzoni unausikia uzito; ukifika katikati puli zinageuka, na uzito karibu wote unakutoka mkononi. Halafu kuna skrubu ya kuulegeza kadiri bega la mtu linavyotaka. Mimi nimeuza puli nusu ya maisha yangu na haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuifunga kwenye upinde. Niliruka pale dukani. Mteja aliyekuwa akisubiri mkanda akaniuliza kama nimepata dhahabu.

Nikaagiza, na mishale yake. Baba nikampigia simu kumweleza. Hakunijibu vizuri, alisema tu kwamba hela zangu ningenunua bati, lakini kesho yake akapiga yeye mwenyewe kuuliza kama umeshafika. Keshokutwa akapiga tena. Akaendelea kupiga.

Mzigo ukafika Shinyanga mjini, na hapo ukasimama. Nikaitwa forodha. Nilivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi, nikaenda kifua mbele. Nilimkuta ofisa mmoja, dada wa watu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili cha kunyooka ambacho hukufanya ujisikie umevaa ndala. Akanieleza kwamba muuzaji ameandika kwenye karatasi zake kuwa ni upinde wa kuwindia. Ikiwa ni kifaa cha michezo, atanikadiria ushuru, nitalipa, nitaondoka nacho. Ikiwa ni silaha, mkono wake haufiki huko. Patatakiwa kibali kutoka kwa wahusika, na bila kibali mzigo utarudi ulikotoka. Nikamwambia bila kupepesa macho kwamba ni wa michezo kabisa. Akaniuliza atakayeutumia ni nani. Nikasema baba yangu. Akasema basi azungumze naye kidogo, aandike maneno ya mtumiaji mwenyewe.

Nikaona mambo yamekwisha. Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, nikailaza simu mezani.

"Shikamoo baba. Napiga kutoka forodha. Huu upinde unaoletewa, ni wa mchezo?"

"Marahaba mama," akasema baba, na kwa sauti yake nikajua amesimama wima. "Upinde si mchezo."

Nilimpungia mkono anyamaze, mimi nikiwa Shinyanga na yeye zizini kwake. Akaendelea. Akaeleza kwamba ile ni silaha, silaha hasa, na mwizi wa ng'ombe akiiona tu anasahau alikotoka. Kwetu si neno baya hilo. Kwenye mkutano wa sungusungu mwenyekiti huuliza nani kaja bila silaha, na anayekosa upinde hutozwa faini mbele ya watu. Baba alidhani anaulizwa kama mwanawe hakuuziwa kichezeo, na alikuwa ananitetea. Ofisa aliweka kalamu chini taratibu, akaniambia niende nikamlete mwenyewe.

Jioni ile ile nilikuwa Tinde kumfundisha kusema neno moja. Mchezo, baba. Useme ni mchezo. Hakutaka. Akaniuliza nataka aende kusema uongo kwenye ofisi ya serikali, mtu mzima na mvi zake. Michezo ni mpira, akasema, na kukimbia kwenye magunia. Yeye akiwa na upinde hajawahi kucheza hata siku moja, na walioibiwa ng'ombe wakarudishiwa wapo, niwaulize. Nilimbembeleza, nikachoka. Mwishowe nikamwambia kwamba kama hawezi kusema hivyo, upinde utarudi ng'ambo, na yeye ataendelea kuinama kwenye majani akiwaokotea wenzake. Akaniangalia. Halafu akainuka akaenda kuangalia ndama.

Asubuhi alikuwa tayari, amevaa koti, na kwenye mfuko wa salfeti amebeba upinde wake wa zamani. Nilipomuuliza wa nini, akasema wa kulinganishia. Nikajua leo tunalala ndani.

Mlinzi wa getini alikuwa na upinde wake mwenyewe, umeegemezwa kwenye kiti. Alipoona mfuko akaufungua, akasahau kabisa kutukagua. Wakasalimiana Kisukuma, wakaulizana mti, wakaulizana kamba imesokotwa kwa mshipa gani, mlinzi akauvuta wa baba mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, akasema, "Ngosha," yaani mwanamume hasa, "huu ni upinde." Baba akafurahi mpaka nikaanza kucheka peke yangu pale getini, kicheko cha woga ambacho ukikianza hukimalizi. Upinde ukabaki kwa mlinzi. Sisi tukaingia.

Ofisa alikuwa ameshafungua boksi. Baba akainama kuutazama huo upinde mweusi, wenye puli na kamba tatu na vitundu kila mahali, akauliza baiskeli yenyewe iliyobaki iko wapi. Ofisa akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha akakaa sawa, akachukua kalamu, akauliza tena, kwa adabu ile ile, huu ni wa matumizi gani.

Mimi nilikuwa namkanyaga baba mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake.

"Mama," akasema, "upinde wangu uko kwa mlinzi hapo nje. Ule ndio silaha. Nimelinda nao ng'ombe na watoto tangu huyu hajazaliwa, na sasa bega limekataa. Huu sitalinda nao kitu. Nataka kucheza na wenzangu tu."

Nimemjua baba yangu maisha yangu yote. Nimemsikia akisema anataka mvua, anataka chumvi, anataka watu wanyamaze. Sikuwahi kumsikia akisema anataka kucheza. Niliangalia feni ya darini ili nisilie mbele ya serikali, na moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha na huzuni vyote pamoja, sikujua niushike upande upi.

Ofisa akaandika: vifaa vya michezo. Akaandika kwa herufi kubwa.

Kisha akapiga hesabu, na hapo ndipo mtaalamu wa Runzewe nilipoumbuka. Nilikuwa nimekadiria ushuru kwa bei ya upinde peke yake. Kumbe nauli ya kuusafirisha nayo inaingizwa kwenye bei, bima nayo, ndipo ushuru unapokatwa. Halafu kodi ya ongezeko la thamani inakaa juu ya vyote, pamoja na ushuru wenyewe. Kodi juu ya kodi. Nikamuuliza ofisa kama haoni haya, akasema haoni, ndivyo sheria ilivyo, akanionyesha. Nikafikiria wachimbaji wote niliowahi kuwashauri. Baba akaniuliza pembeni mbona nimekunja uso, nikamweleza. Akamgeukia ofisa akiwa na mshangao wa kweli.

"Kumbe kucheza kunalipiwa?"

"Kunalipiwa, baba," akasema ofisa. "Ndiyo maana watu wazima hawachezi."

Tulicheka sote watatu mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nikalipa kila shilingi huku nacheka, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena mbele ya kodi yoyote.

Jumapili nikafunga duka. Nyuma ya ghala wazee walikuwa wameshazunguka, kila mmoja na maneno yake kuhusu hicho chuma. Nililegeza skrubu mpaka mwisho. Baba akasimama, akavuta. Niliona bega linatetemeka, uso umekunjana, na nikasema moyoni nimepoteza hela zangu na nimemwaibisha mzee wa watu. Halafu puli zikageuka. Kamba ikamfuata mpaka shavuni, ikatulia hapo, na baba akabaki amesimama na upinde uliovutwa, haamini, akinitazama mimi badala ya kutazama tita. Mdomo ulikuwa wazi.

Akaachia. Mshale ukapita juu ya tita, juu ya uzio, ukaenda zake kwenye mabua ya mahindi. Watu wakapiga kelele. Baba, ambaye siku zote akikosa shabaha alikuwa hasemeshwi mpaka kesho yake, akajishika tumbo akacheka, akachukua mshale mwingine.

Niliomba na mimi nijaribu, maana upinde niliununua mimi. Akasema nisubiri kidogo. Akalenga tena, na tena. Jua likashuka, ng'ombe wakarudi wenyewe, wenzake wakaaga mmoja mmoja, na mimi nilikuwa bado nimesimama na mkono mbele, baba yangu akiniambia nisubiri kidogo.