Punje ya Kitunguu Saumu Katika Chungu cha Shule

Loxa alianza kulima uyoga kwa sababu ya dada yake, Matal. Miaka mitatu iliyopita Matal alichuma uyoga mweupe chini ya misonobari, akauchemsha pamoja na punje ya kitunguu saumu, kama wanavyofundishwa wasichana wote wa milima hii ya Chiapas: punje ikigeuka rangi, mwaga, ikibaki nyeupe, kula. Ilibaki nyeupe. Matal, mumewe na binti yao walizikwa wiki moja.

Tangu hapo Loxa, mjane wa miaka hamsini na mmoja, ametundika mifuko iliyojazwa mabua ya mahindi katika chumba alichokuwa akilala na mumewe. Humo huota uyoga wa kijivu, mnene, wenye kushibisha kama maharage. Hakuna anayeununua.

Mwezi wa Agosti mwalimu mkuu alimpa nafasi moja: akina mama wa zamu ya kupika wakiukubali, utapikwa shuleni mara mbili kwa wiki. Loxa alishapiga hesabu yake. Watoto wakiuzoea, nyumba zitauzoea, na msituni hakutakuwa na haja ya kwenda.

"Dada Loxa, eti unauotesha kitandani?" aliuliza Xunka', mkuu wa zamu, siku ya kuujaribu jikoni mwa shule.

"Mwanamume hayupo, nafasi ipo."

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Xunka' akaukatia uyoga chunguni, akatupia punje.

"Hiyo haijui kitu," Loxa akasema. "Ndiyo iliyomuua Matal."

"Matal hakuitazama vizuri."

Xunka' akakamua ndimu mbili, maana hapa supu haikosi ndimu, akafunika. Alipofunua, punje ilikuwa ya buluu.

Xunka' akaiinua kwa mwiko, wote waione.

"Ni ndimu hiyo!" Loxa akasema. "Ndimu huigeuza hata pasipo uyoga. Chemsheni tena bila ndimu, mtaona!"

"Tuchemshe mara ngapi, na watoto wana njaa?"

Loxa akachota uyoga kwa mkono, akala mbele yao, midomo ikiungua.

"Wewe umeshaizoea sumu, shangazi," mama mmoja kijana akamwambia kwa upole.

Chungu kikamwagwa nyuma ya choo. Hata mbwa walifukuzwa.

Alhamisi, mvua ilipokatika asubuhi, Xunka' alipita na kikapu kilichofunikwa majani. Loxa akatoka mbio.

"Mweupe?"

"Kama maziwa."

"Umwage, dada yangu. Nakuomba. Chukua wangu, bure."

"Wako ulitaka kuua shule nzima. Huu nitaupima."

Loxa akamfuata hadi mlangoni, akashika kikapu. Xunka' akakipokonya, akaingia, akatia komeo. Loxa akagonga, akaita majirani. Wawili walitokeza vichwa, wakamwona ni yeye, wakarudi ndani.

Harufu ya kitunguu saumu ikatoka chini ya mlango.

"Njoo mwenyewe uone dirishani, Loxa!" Xunka' akaita kutoka jikoni. "Nyeupe kabisa."