Kadi ya Verlin Kessler

Verlin Kessler, fundi mabomba mstaafu wa mji wetu huu wa Ohio, alitaka jambo moja tu maishani: kuthibitisha kwamba bastola yake ya kale iliwahi kuwa ya polisi. Wakusanyaji wenzake waliiita chuma chakavu. Kwa miaka mingi alikagua alama zake kwa kioo cha kukuzia, akaandikia viwanda na makumbusho.

Mwezi uliopita, maktabani, gazeti la zamani lilimjibu. Namba ni ile ile, nembo ile ile: bastola ya polisi wa mji huu huu, iliibwa kwenye droo ya mkuu wao. Hakuna palipoandikwa kwamba ilirudi.

“Hongera, baba,” mkewe Arvilla alimwambia. “Umethibitisha kwamba si yako.”

Jumamosi, kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa silaha za kale, Verlin aliiweka mezani pamoja na kadi aliyoiandika kwa mwandiko mzuri: Historia haijulikani.

Mkuu wa polisi wa sasa, naye mkusanyaji, aliigeuzageuza akicheka.

“Bado tu hujajua ilikotoka, mzee? Haka kachuma kako kana kiburi!”

“Utafiti hautaki haraka, bwana,” Verlin alisema, akaipokea kwa mikono miwili.