Udongo wa Jiwe la Askari

Laiti ningekataa kumpeleka Dorsila kwenye jiwe la askari kule Migori, lenye majina ya waliokufa vitani. Baba yake, ambaye ni baba yangu mkubwa, hakurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Tangu ujanani nilijisifu kwamba nimeliona jina lake pale, nami sikuwahi kufika.

Dorsila alitaka kuchota udongo wa pale auzike bomani kwetu Kendu Bay, ili baba yake awe na kaburi.

Siku ya safari miwani niliisahau nyumbani, na mzee mzima nikaona haya kusema. Nikagusa jina lililokuwa peke yake chini ya jiwe.

“Huyu hapa, dada.”

Akapiga magoti, akachota udongo kwenye leso. “Baba, twende nyumbani.”

Mlinzi wa pale akakohoa. “Mzee, huyo ni fundi aliyechonga jiwe. Majina ya askari yako upande ule.”

“Nisomee wote,” Dorsila akamwambia.

Akamsomea polepole hadi mwisho. Jina la baba yake halikuwemo.

Dorsila akaumwaga udongo. “Omera, ndugu yangu, uliliona lini jina lake?”

Tangu siku hiyo dada yangu hajanisemesha, na baba yake bado hana kaburi.