Mita Isiyozunguka

Watu wa mtaa ule walimwita Bwana Mita, naye alishazoea, kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake alichelewa kugeuka. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa mwembamba, mwenye goti moja bovu kwa sababu ya kuchutama, maana mita hukaa chini ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha chuma, na ukitaka kuisoma huna budi kuipigia magoti kama mtu anayeomba radhi.

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka kizingiti cha mteja hata mmoja. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya kazi: mita iko nje, nawe baki nje. Lakini nani alisema aliye nje hajui ya ndani? Tarakimu zilimsimulia mengi. Maji yakipanda ghafla, kuna mtoto mchanga na nepi zinafuliwa. Yakishuka nusu, mtu kasafiri, au ndoa imevunjika. Mambo hayo hakumwambia yeyote ila mkewe, Mama Pacha, na mkewe alimjibu siku moja huku akikuna nazi yake bila kuinua macho:

"Wewe unawajua watu kama daktari anayepima mkojo tu. Uso wa mgonjwa hauoni."

Alicheka, ila neno lile lilimkaa.

Kipupwe cha mwaka huo kilikuja vibaya. Baridi waliijua, ilifika kila mwaka na kuondoka, watu wakavaa sweta na kulalamika kidogo, maisha yakaendelea. Hii ilikuwa nyingine. Usiku mmoja tu, maji yaliyoachwa uani ndooni yaliamka jiwe. Nguo kwenye kamba zilikakamaa kama mbao, ukikunja shati linalia. Shule zikafungwa. Umeme ukawa wa kubahatisha kwa kuwa kila nyumba ilichomeka chochote chenye kutoa joto. Wazee walipoulizwa kama waliwahi kuona kitu cha namna ile, walikuna vichwa wakanyamaza, na wazee kunyamaza si jambo dogo.

Nyumba za pale zilijengwa kwa kuogopa joto. Vioo vyembamba, milango yenye mwanya chini ambao paka angepita bila kuinama. Siku ya nne Bwana Mita alirudi kutoka kazini na selotepu pana mikononi kama bangili za jitu. Akaziba madirisha yote ya chumba cha kulala, kona kwa kona, akasukuma matambara chini ya mlango, akaleta jiko la mkaa katikati ya vitanda viwili, chake na cha mabinti zake pacha wa miaka sita. Chumba kikawa na joto la kupendeza. Alilala usiku ule akijiona mwanamume aliyetimiza wajibu.

Asubuhi mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika paji la uso.

"Baba Pacha, humu ndani hamna hewa. Nimeamka kichwa kinanigonga."

"Ni baridi hiyo imekupanda kichwani. Jifunike."

"Nataka nifungue dirisha kidogo."

"Ufungue? Nimehangaika jana nikiziba, leo wewe ufungue? Unataka watoto wafe na baridi?"

"Sijasema nataka wafe."

"Basi usiguse!"

Alisema kwa sauti ambayo kwa kawaida hakuwa nayo. Pacha walijifanya wamelala, lakini kope za mmoja zilikuwa zinachezacheza. Bwana Mita akaongeza mkaa, akaupepea mpaka ukashika, akamwagiza mkewe arudishe tambara chini ya mlango, akatoka. Mkewe hakumuaga.

Kazini siku hizo hawakusoma mita kwa ajili ya ankara. Msimamizi aliwapa magunia na kamba wakazivike mita zisipasuke, na akaagiza kila mita isomwe kila asubuhi ili mabomba yaliyopasuka yajulikane mapema. Bwana Mita alikuwa na daftari lake. Mita iliyokimbia sana aliiandikia "inavuja." Mita isiyotembea aliiandikia "imeganda," akafunga gunia, akasonga mbele. Tangu wiki ianze alikuwa ameandika "imeganda" mara kumi.

Saa tatu alifika kwenye nyumba ya geti la kijani. Hapo aliishi mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na ushee aliyezalisha nusu ya mtaa na kugombana na nusu nyingine. Aliishi peke yake. Kila mwezi alimtokea Bwana Mita dirishani: "We kijana, umesoma au umeota? Mtu mmoja nitumie maji yote hayo, kwani mimi bata?" Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita.

Bwana Mita alifungua kifuniko, akafuta kioo kwa kidole gumba. Tarakimu zilikuwa zile zile za jana jioni, alipopita kuifunga gunia upya. Lile gurudumu dogo jekundu, ambalo huzunguka hata mtu akijaza kikombe tu, lilikuwa limetulia tuli. Akaandika "imega—" kisha kalamu ikasita.

Kwa nini ilisita hata yeye hakujua vizuri. Kuna kitu kimoja: mkunga alikuwa mjanja. Tangu baridi ianze alikuwa akiacha bomba la jikoni lidondoke usiku kucha ili maji yasigande, na kila asubuhi gurudumu lilikuwa likijongea polepole. Na nyumba ya jirani, iliyotumia bomba lile lile la barabarani, maji yalikuwa yakipita vizuri. Akagonga geti. Kimya. Ndani redio ilikuwa ikizungumza.

"Amelala," alijiambia. "Mtu mzima, baridi kama hii, aamke aende wapi?" Akamalizia neno lake, akafunga daftari, akaenda nyumba ya pili, akaenda ya tatu. Kwenye ile ya tatu alipiga magoti mbele ya kisanduku lakini hakusoma kitu. Mtu aachaye bomba lidondoke kila usiku, jana hakulifungua. Kwa nini? Na asubuhi hii, mbona hakutumia tone, hata la kunawa uso?

Akainuka, goti likalia, akarudi mbiombio.

Mkabala na geti la kijani kulikuwa na dobi, mtu mkubwa mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Bwana Mita alimwita, na dobi akaja akijifuta.

"Tangu lini hujamwona mkunga?"

"Jana jioni. Alikuwa anaingiza mkaa ndani." Dobi akatazama nyumba. "Unataka kufanya nini?"

"Sijui. Nisaidie kupanda."

Waliruka ukuta wote wawili. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kitasa kilikuwa cha baridi kiasi cha kunata kwenye ngozi. Bwana Mita alichungulia kupitia kioo, hakuona kitu, kioo kilikuwa kimevaa ukungu mzito. Dobi hakungoja shauri. Aliupiga mlango bega mara mbili, mara ya tatu ukaitika, na hewa nzito ya moto ikawatokea usoni.

Mkunga alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, amevaa makoti mawili na kilemba, kichwa kimelala begani. Mbele yake jiko la mkaa, makaa mekundu chini ya majivu. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa magazeti na gundi ya unga, kazi safi, ya mtu anayejua kufunga bandeji. Alikuwa anahema, lakini kwa mbali, kama mtu anayehesabu pumzi zake asizimalize.

Walimbeba na kiti chake mpaka uani. Dobi alipiga simu ya gari la wagonjwa. Bwana Mita alimpepea kwa daftari, akamwita, "Mama! Mama!" Baada ya muda, ambao kwake ulikuwa kama mwezi mzima, mkunga alitapika kidogo, akafumbua jicho moja.

"Nani kafungua mlango?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Baridi inaingia."

Dobi alicheka huku machozi yakimtoka.

Muuguzi aliyekuja na gari alikuwa msichana mfupi asiye na maneno mengi. Alimwekea mkunga barakoa ya hewa, akaenda akasimama mlangoni, akatazama jiko, akatazama magazeti dirishani, akatikisa kichwa.

"Huyu ni wa nne wiki hii."

"Baridi?" aliuliza Bwana Mita.

"Baridi gani? Mkaa. Ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa hewa yenye sumu. Huioni, huinusi. Mtu anaumwa kichwa, anaona usingizi, analala. Ndiyo basi."

Bwana Mita aliposikia neno "kichwa," alimkumbuka mkewe ukingoni mwa kitanda. Alitoa simu, akampigia mkewe. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikalia mpaka ikakata. Dobi alimwona anavyobadilika rangi, hakuuliza, akamsukumia baiskeli yake yenye kapu la nguo nyuma.

"Chukua. Nguo zitadondoka, zidondoke."

Njia ile ya dakika kumi hakuikumbuka baadaye. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akiongea peke yake kwa sauti, na kwamba alichosema kilikuwa kile kile alichosema asubuhi: usiguse, usiguse, usiguse. Sasa alikuwa anamwomba Mungu mkewe awe hakumsikiliza.

Alipogeuka kona ya nyumba yake aliona dirisha la chumba cha kulala. Lilikuwa wazi, wazi kabisa, na selotepu ikining'inia nje ikipepea.

Aliingia na matope ya viatu. Jiko lilikuwa uani, limemwagiwa maji. Pacha walikuwa kitandani chini ya kila nguo iliyokuwemo nyumbani, mpaka koti lake la harusi, vichwa viwili tu vikionekana, midomo ikitafuna mkate. Mama Pacha alisimama pembeni, mikono kiunoni, tayari kwa vita.

"Ndiyo, nimefungua," alisema kabla hajaulizwa. "Na sifungi. Ukitaka kunipiga nipige."

Hakuwahi kumpiga maishani. Bwana Mita alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutetemeka. Mkewe alidhani ni baridi. Kisha akaona siyo, akachutama mbele yake.

"Baba Pacha. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyekufa."

"Simu ilikuwa inalia nikashindwa kuipata, imefunikwa na nguo huko. Sema basi, kuna nini?"

Alimweleza, akirukaruka, mwisho kwanza mwanzo baadaye. Mama Pacha alisikiliza, akageuka akawatazama watoto, akakaa naye sakafuni. Dirisha lilikuwa wazi na baridi iliwakata masikio, wala hakuna aliyeinuka.

Mchana ule hakurudi kwa msimamizi. Alimrudishia dobi baiskeli, wakakusanya wote wawili shuka za watu njiani, kisha akafungua daftari, akatafuta kila palipoandikwa "imeganda." Nyumba kumi, ukiacha ya mkunga. Alikwenda zote kwa miguu akigonga. Saba kati yake mabomba yalikuwa yameganda kweli, watu wakamfungulia wakifikiri kaja kuyatengeneza, wakamshangaa alipotaka kujua wanalala wapi na jiko liko wapi. Katika ya nane, mama mwenye mtoto wa miezi mitatu alisema anaumwa kichwa tangu juzi, huenda ni mafua. Bwana Mita alivuka kizingiti bila hata kuomba, akang'oa blanketi lililopigiliwa misumari dirishani. Mama yule alimfokea. Aliendelea kumfokea mpaka alipotoka nje akapata hewa, akanyamaza mwenyewe. Nyumba mbili hazikufunguliwa. Moja wenyewe walikuwa wamehamia kwa ndugu zao. Ya pili hakupata kujua mpaka kesho yake kwamba ilikuwa tupu tangu mwezi uliopita, na usiku huo hakupata usingizi.

Msimamizi alimwandikia barua ya kutaka maelezo: kwa nini aliacha kazi, na kwa nini mlango wa mteja ulivunjwa. Bwana Mita alijibu kwa ukurasa mmoja, bila kujitetea sana. Barua haikuwa na mwendelezo. Wiki iliyofuata, wasoma mita wote walipewa agizo la kugonga mlango pale ambapo mita imesimama siku mbili. Agizo halikutaja mtu, naye hakutaka litaje.

Mkunga alikaa hospitali siku sita. Alirudi akiwa anasahau mambo madogo madogo, mahali alipoweka miwani, jina la mwezi, na siku ile yenyewe haikuwemo kichwani mwake kabisa. Ilibidi dobi amsimulie. Alimsikiliza kwa mashaka, akasema kama ni kweli basi waliovunja mlango wangeweza kuuvunja kwa adabu zaidi.

Baridi iliendelea siku tisa nyingine. Walilala wanne kitanda kimoja, sweta juu ya sweta, dirisha limeachwa upana wa kiganja. Usiku mmoja wa hizo, pacha wakiwa wameshasinzia, Bwana Mita aliuliza jambo lililokuwa likimzunguka.

"Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba mkaa una sumu. Ukafungua."

Mama Pacha alimgeukia. "Sikujua kitu," alisema. "Nilikuwa nimekukasirikia tu. Ulinifokea mbele ya watoto, ukatoka. Nikasema, leo nitafanya lile lile alilonikataza, nione."

Bwana Mita alilala chali akitazama dari gizani. Miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa akijisifu kwa marafiki kwamba nyumbani kwake hamna mabishano. Alijaribu kuhesabu ni mara ngapi mkewe aliwahi kusema kichwa kinamuuma, au amechoka, au hapendi kitu fulani, na yeye akajibu "jifunike." Hakuweza kuhesabu, hakuwa ameandika popote.

"Kichwa kinakuumaje sasa?" aliuliza.

"Hakiumi. Kesho utaniuliza tena?"

"Nitakuuliza."

"Haya," alisema mkewe, akavuta blanketi. Mmoja wa pacha akageuka usingizini, akalalamika kwamba miguu ya baba ni baridi, na baba akaikunja.